Somo la Makarani wa Matawi: Ada za Mwanachama Chini ya Jina Lake



Aliyewahi kukaa katika ofisi ya tawi anaijua shida hii. Mwanachama amefukuzwa kazi, anakuja na karatasi zake za mshahara zinazoonyesha kwamba ada ya chama imekatwa mwezi hadi mwezi, naye anataka chama kimsimamie. Karani anafungua daftari la wanachama: jina lipo. Anafungua daftari la ada: malipo yameandikwa kwa tarehe, watu wote wamechanganyika. Mpaka ada zake zipatikane, siku za kupeleka malalamiko zimepita.

Matawi kadhaa sasa yana kompyuta, lakini tumeona wengine wamehamishia humo fujo ile ile. Wana jedwali moja refu ambamo jina, idara na tarehe ya kujiunga vinarudiwa kila mwezi. Tuseme tawi lina wanachama 300. Kwa miezi 12 hiyo ni mistari 3,600, na kila jina limeandikwa mara 12, pengine kwa herufi tofauti. Mashine haijui kwamba Juma na Jumaa ni mtu mmoja.

Dawa yake ni kutenganisha. Jedwali la kwanza ni la wanachama, mtu mmoja mstari mmoja. Hili tuliite mama. Jedwali la pili ni la ada, kila malipo mstari wake, nalo ni mtoto. Kinachowaunganisha ni namba ya uanachama. Katika jedwali mama namba hiyo huonekana mara moja tu. Katika jedwali mtoto hurudi kila mtu anapolipa. Tusiunganishe kwa majina. Katika shamba moja la chai watu watatu wanaweza kuwa na majina yanayofanana kabisa, na ada ya mmoja ikaangukia kwa mwingine.

Programu ya Microsoft Access, iliyotoka mwaka 1992, imefanya kazi ya namna hii kwa miaka mingi katika ofisi ndogo. Tangu toleo lake la 2000, ukishaziunganisha jedwali hizo mbili na kufungua lile la wanachama, kushoto kwa kila mstari unaona alama ya kujumlisha. Ibonyeze. Chini ya mwanachama huyo panafunguka jedwali dogo lenye ada zake peke yake, na alama inageuka kuwa ya kutoa. Bonyeza tena, linajifunga. Ukiandika malipo mapya humo ndani, huna haja ya kuandika namba ya mwanachama; mashine inaijaza yenyewe kutoka kwa mama. Lakini kumbuka kwamba ukitoka kwenye mstari, ulichoandika kimekwisha kuhifadhiwa. Kuchezea hapa ni sawa na kuchezea daftari kwa wino.

Alama isipoonekana, karani anaweza kuchagua mwenyewe jedwali la kuwekwa chini, kisha aonyeshe safu ipi ya mtoto inalingana na ipi ya mama. Akisahau kuzionyesha safu hizo, mashine itaweka ada za watu wote chini ya kila mtu, na asiyejua atadhani mwanachama mmoja amelipa mara elfu.

Mtoto naye anaweza kuwa na watoto wake, kushuka hadi ngazi nane, ingawa sisi hatujaona tawi linalohitaji zaidi ya tatu. Ila kila jedwali hufungua mtoto mmoja tu. Mkitaka ada na malalamiko ya mwanachama vionekane pamoja, itabidi mtengeneze fomu yenye sehemu mbili, na hilo ni somo jingine.

Sasa jambo zito. Wakati wa kuunganisha, programu inauliza kama mnataka uhusiano ulindwe. Kubalini. Ulinzi huo unazuia ada kuandikwa kwa namba isiyo na mwanachama, na unazuia kumfuta mwanachama ambaye bado ana ada. Lakini papo hapo kuna kisanduku kingine kinachoruhusu watoto wafutwe pamoja na mama. Msikiweke alama! Karani akimfuta mtu aliyeachishwa kazi, malipo yake yote ya miaka yatatoweka naye, wakati huo huo ambapo chama kinayahitaji kama ushahidi. Aliyeondoka kiwandani asifutwe kamwe. Ongezeni safu ya tarehe ya kuondoka, basi.

Ofisi ambazo faili yao inakaa kwenye mashine ya chumba kingine huona jedwali likichelewa kufunguka. Mara nyingi sababu ni kwamba kila jedwali limeachiwa litafute mtoto wake lenyewe. Katika sifa za jedwali, zimeni utafutaji huo pale ambapo hauhitajiki.

Kwa mazoezi, kila tawi lichukue wanachama kumi na karatasi zao za mshahara za miezi mitatu. Wafungueni mmoja mmoja mbele ya wenyewe, mlinganishe kilichokatwa na mwajiri na kilichofika kwenye tawi. Pasipolingana, andikeni mwezi na kiasi, mpeleke kwa katibu siku hiyo hiyo.