Njia ya Mkojo Ikizibwa

Ndugu wasomaji, jambo la mwezi huu si jambo la kutajwa ovyo barazani. Lakini kwa kuwa wengi huona haya kulitaja, wako walioharibikiwa na figo zao pasipo kujua. Wahenga walisema: Mficha uchi hazai. Basi na tuliseme wazi, kwa adabu.

1. Njia yenyewe

Mkojo hutengenezwa na figo mbili, zilizo mgongoni chini ya mbavu, kila moja kadiri ya ngumi. Kila figo ina mrija mwembamba, urefu wake sentimeta 25 hivi, ushukao mpaka kibofuni. Kibofu ni mfuko wa kungojea, na kutoka humo mkojo hupita nje kwa njia moja tu. Twaweza kuifananisha na mfereji wa shamba: ukizibwa chini, maji hayakomi kuja, bali hurudi nyuma na kufurika. Vivyo hivyo figo haziachi kazi yake. Mkojo usiopata pa kupita huzirudia, huzivimbisha, na mwisho huziua.

2. Vitu vizibavyo

Kwa wanaume wazee huziba tezi iliyo chini ya kibofu, ambayo hukua kwa umri. Kwa wengine ni vijiwe, vyenye maumivu makali yatokayo ubavuni na kushuka mpaka kinenani. Kwa wengine ni kovu la kisonono kisichotibiwa vema. Kwa wanawake yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi. Lakini sisi tulio jirani wa Ziwa Nyasa, yatupasa kukijua hasa kichocho.

3. Kazi ya kichocho

Mdudu wake aligunduliwa na mganga Mjerumani, Theodor Bilharz, mjini Cairo, mwaka 1851. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na watoto wake humwingia konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka wadogo wenye mkia, wasioonekana kwa macho, nao hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Wakikomaa hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai. Mengine hutoka na mkojo, ndiyo maana damu huonekana, hasa mwishoni mwa kukojoa. Mengine hukwama na kufanya makovu. Kibofu hukakamaa, na midomo ya mirija hubanwa. Hatari yake ni hii: figo huvimba polepole, mara nyingi pasipo maumivu makubwa. Tena kichocho cha miaka mingi chaweza kuleta saratani ya kibofu.

Kwa wanawake mayai hukwama hata katika viungo vya uzazi na kuleta vidonda na damu. Mke wa namna hiyo asishutumiwe uzinzi. Wala mvulana akojoaye damu asiambiwe kwamba amekuwa mtu mzima, au kwamba amerogwa. Ni mgonjwa, na dawa ipo.

4. Ziwa na milima

Konokono hupenda maji yaliyotulia, penye majani na matete, na mashamba ya mpunga. Lakini upande wa Malawi, penye Cape Maclear, hukaa hata mchangani mwa ziwa. Wataalamu waliona ya kuwa samaki walao konokono walipopunguzwa kwa uvuvi wa karibu na ufuko, kichocho kiliongezeka. Mvuvi avutaye kokoro na alitafakari jambo hili. Naye mtu wa milima ya Mbinga, alimaye ngolo na kahawa, asijidhani yu salama: akishuka Mbamba Bay kununua usipa na kuoga, ngozi yake ni kama ya wenzake.

5. Yatupasayo

Tusikojoe majini. Maji ya kuoga yakiwekwa chomboni siku mbili, wadudu hao hufa. Aonaye damu aende kupimwa. Mkojo wa saa 4 asubuhi hata saa 8 mchana ndio uonyeshao mayai vizuri. Dawa ni prazikwanteli, ambayo shuleni hupimwa kwa urefu wa mtoto, naye ale kwanza. Huua wadudu wakubwa, lakini haimkingi arudiye majini, wala haiondoi kila kovu la zamani. Kwa hiyo kuwahi ni bora.

Mzee ashindwaye kukojoa kabisa, na tumbo la chini limejaa na kuuma, asinyweshwe mizizi ya kuongeza mkojo. Apelekwe hospitali siku ile ile, atiwe mpira wa kuutoa. Vivyo hivyo mwenye homa na maumivu ya ubavuni asingoje kesho.

Nanyi walimu wa vijijini, mkimtembelea mgonjwa, mwulizeni faraghani: Baba, mkojo wapita vema? Huenda hakuna mwingine aliyethubutu kumwuliza.

Maswali: Kwa nini figo huharibika ikiwa kizuizi ki chini? Mdudu wa kichocho apita wapi kabla ya kumwingia mtu? Kijijini petu watoto huoga wapi?