Tujifunze Neno: "Reluctant" si Kukataa

Katika taarifa za Kiingereza tunazowaandikia wafadhili, neno "reluctant" tumezoea kulichukua kuwa ni kukataa. Sivyo. Asili yake ni Kilatini, kushindana na jambo. Mtu wa namna hiyo anasitasita, moyo ni mzito, lakini bado anaweza kutenda.

Ipililo tuliandika kwamba wananchi wamekataa kuchangia kisima. Nusura tukose fedha. Tuliporudi kuwauliza, mama mmoja mzee alisema, "Kisima tunakitaka, mwanangu. Pamba haijauzwa." Kosa lilikuwa letu.

Tazameni 2 Wakorintho 9:7. Biblia ya Kiingereza ya NIV ina "reluctantly". Yetu ya Union Version ina "huzuni", na ndiyo maana ya neno la Kigiriki. Atoaye kwa huzuni ametoa, ila moyo unamuuma.

Kwa matumizi, weka "to" na kitenzi, kisha sababu, ambayo sisi tuliiacha: "They are reluctant to pay before the cotton is sold." Yaani, wanasita kulipa kabla pamba haijauzwa.