Kwa Nini Valvu ya Plastiki Hupasuka Mahali Pale Pale

Mkulima anayenyunyizia kwa matone anaijua hasara ya valvu kupasuka usiku: asubuhi tangi ni tupu na miche haijapata maji. Mara nyingi ufa hufuata mstari mmoja, kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Mstari huo haukuanzia shambani. Ulianzia kiwandani.

Mshono hutokeaje?

Chembechembe za plastiki huyeyushwa, kisha husukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma. Panapotakiwa tundu, ndani ya kalibu huwekwa kijiti cha chuma. Plastiki hugawanyika mbele ya kijiti, kama maji ya mto yanavyozunguka jiwe, na kukutana tena nyuma yake. Pale mikondo miwili inapoungana ndipo penye mshono.

Nyuzi hazivuki

Valvu nyingi za aina hii hutengenezwa kwa nailoni iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo, mara nyingi asilimia 30 ya uzito. Nyuzi huongeza nguvu zikilala kuelekea upande unaovutwa. Lakini mikondo inapokutana, nyingi hulala sambamba na mshono badala ya kuuvuka. Hapo kinachoshikilia ni plastiki peke yake. Ndiyo maana plastiki isiyo na nyuzi, ikiyeyushwa vizuri, hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye mshono, ilhali yenye nyuzi huweza kupoteza nusu au zaidi.

Kiwanda kinaweza kuongeza joto na shinikizo, na kuweka njia za kutolea hewa kwenye kalibu. Hata hivyo, joto halizigeuzi nyuzi. Dawa bora ni kuhamisha mahali plastiki inapoingilia, ili mshono uangukie sehemu isiyobeba mzigo.

Mwananchi afanye nini?

• Kabla ya kununua, igeuze valvu kwenye mwanga. Mstari mwembamba kama unywele karibu na tundu ni wa kawaida. Ukiwa na mfuo unaoshika ukucha, au alama ya kuungua, chagua nyingine.

• Kaza kwa mkono kwanza, kisha malizia kwa spana kidogo tu, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

• Usizungushie utepe mwingi wa kuzuia maji. Paipu ya chuma inayoingia ndani ya mdomo wa plastiki hufanya kazi ya kabari: kila mzunguko wa ziada huupanua mdomo, na mshono ndio hupasuka kwanza.

• Valvu ikishapata ufa, ibadilishe. Gundi hairudishi nguvu iliyopotea, na shinikizo la maji litaufungua ufa tena.

Mshono hauondoki baada ya valvu kutoka kiwandani. Kilicho mikononi mwa mkulima na fundi wake ni kutouongezea mzigo.