KAVA MPYA YA TAPETI: TUSIFUNIKE SHIDA, TUITIBU

Somo kwa madereva, mafundi na vikundi vyenye pikapu

 

Swali moja hutufikia kila mara kutoka kwa vikundi vyenye pikapu ya kubebea maembe, simiti au mitungi ya maji: "Kava ya tapeti inavuja oili. Dukani kuna kava mpya, si jenuini, lakini bei yake ni nafuu. Tununue ama tuache?"

Jibu letu ni hili. Mnaweza kununua. Lakini msinunue kabla ya kujua ni kitu gani kinachoisukuma oili itoke, na msiifunge kabla ya kuipima. Somo hili tulilipata kwa hasara, na tunaona si vizuri tufiche.

YALIYOTUPATA SISI

Wakati barabara ya Kibwezi hadi Kitui ilikuwa bado ya vumbi, tulikuwa na pikapu ya dizeli iliyobeba simiti ya bwawa la mchanga upande wa Mutomo. Akina mama na wazee wa mwethya walikuwa wamekwisha kuchimba msingi na kukusanya mawe. Ilibaki simiti tu, na mvua za vuli zilikuwa karibu.

Kava ilianza kuvuja. Tulinunua mpya, inang'aa kama sufuria ya arusi. Fundi alituomba siku nzima ya kuikagua. Sisi tukamwambia, "Fundi, fanya haraka, watu wanangoja." Basi akapaka silikoni pande zote, akakaza kwa nguvu, gari likaondoka. Kwa siku chache halikuvuja hata tone, tukafurahi.

Wiki ya tatu injini ilikufa njiani, kati ya Ikutha na Mutomo, na mzigo juu. Ilipofunguliwa, vipande vya silikoni vilikuwa vimeanguka ndani na kuziba chujio la oili lililo chini kabisa ya injini. Oili haikupanda tena, vyuma vikasagana vikavu. Mvua ikanyesha simiti ikiwa bado njiani. Ukuta haukujengwa msimu ule, na maji yote yakapita kwenda zake. Hatumlaumu fundi peke yake. Sisi ndio tuliomharakisha.

KAVA HII INA KAZI GANI?

Kava ya tapeti ni kile kifuniko kilicho juu kabisa ya injini. Chini yake kuna roka na valvu zinazofunguka na kufunga. Ina kazi tatu:

1. Kuzuia oili isimwagike nje.
2. Kuzuia vumbi lisiingie ndani.
3. Kuisaidia injini kupumua.

Hii ya tatu ndiyo wengi husahau. Injini ikiwaka, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia tumboni mwa injini. Ni lazima itoke. Hutoka kwa mpira wa kupumulia ambao mafundi huuita briza, na katika injini nyingi mpira huo huanzia kwenye kava na kurudi kwenye njia ya hewa. Ndani ya kava, chini ya tundu hilo, kwa kawaida pana bati dogo la kuchuja matone ya oili ili gesi tu ndiyo ipite. Likumbukeni bati hili, tutalirudia.

KABLA YA KWENDA DUKANI

Kwanza, safisha injini kwa nje, kausha, halafu endesha siku moja. Angalia oili mpya inaanzia wapi hasa. Mara nyingi kava ni nzima kabisa, ila gasketi yake imekauka kwa joto na kuwa ngumu kama kigae.

Pili, chomoa mpira wa briza uutazame. Ukiwa umezibwa na uchafu mweusi, gesi hukosa njia na kuisukuma oili popote inapoona mwanya. Osha mpira, urudishe, ujaribu tena.

Tatu, gari likiwa linanguruma polepole, fungua taratibu kifuniko cha kutilia oili. Pumzi kidogo ni kawaida. Lakini ukiona moshi unatoka kwa nguvu, pu! pu! pu!, basi huenda ringi au silinda zimekwisha. Hapo kava mpya haitasaidia chochote. Ni sawa na kubadilisha kifuniko cha sufuria inayofurika huku moto umeuacha vilevile.

Kava yenyewe inahitaji kubadilishwa ikiwa imepasuka, imepinda, au njia ya boliti imeharibika.

JENUINI, ISIYO JENUINI, NA FEKI

Tusichanganye maneno. Kava isiyo jenuini imetengenezwa na kampuni nyingine, nayo inaandika jina lake wazi. Inaweza kuwa nzuri au mbaya. Kava feki imeandikwa jina la mwenye gari huku si yake. Huo ni uongo, na Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008. Njia ya tatu ni kava kuukuu iliyotolewa kwenye gari la Japani, ile tunayoita eksi-Japani. Ikiwa haijapinda, mara nyingi hii ndiyo salama zaidi, kwa sababu ilikwisha kukaa juu ya injini kama hiyo.

Ukienda Nairobi, kule Kirinyaga Road ambako wazee bado wanakuita Grogan, usiende mikono mitupu. Beba kava ya zamani na namba ya injini. "Hilux" peke yake haitoshi. Hilux imewekwa injini nyingi tofauti: 22R ya petroli ina sentimita za ujazo 2,366, na 2L ya dizeli ina 2,446. Kava zao haziingiliani.

IPIME KAVA NJE YA GARI

Fanya hivi dukani, au kubaliana na mwenye duka kwamba utairudisha isipofaa.

1. Ilaze juu ya kioo cha dirisha. Ikicheza, au ukiona mwanga mwembamba chini ya ukingo, imepinda. Usiseme "itakaa tu ikikazwa." Haitakaa.

2. Ilinganishe na ile ya zamani: matundu ya boliti, mfereji wa gasketi, kimo cha ndani, mahali pa kutilia oili.

3. Tazama ndani chini ya tundu la briza. Bati la kuchuja lipo? Kava nyingi za urembo hazina. Bila bati hilo injini hunywa oili yake yenyewe.

4. Pitisha kidole ndani. Mchanga wa kalibu au unga wa chuma ukibaki humo utaingia kwenye oili. Iosheni kwa mafuta ya taa, kisha maji moto na sabuni, na mkaushe kabisa. Ikiwa rangi ya kung'aa inabambuka ndani, ikataeni.

5. Bandika vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto ndani ya kava, mahali palipo juu ya roka. Iweke kava pamoja na gasketi yake, kisha zungusha injini kwa spana mara mbili kamili, si kwa stata. Inua uone. Udongo ukiwa umebonyezwa ukaisha, roka itagonga kava. Ondoeni udongo wote baadaye.

KUIFUNGA

Injini iwe baridi. Toa waya wa hasi wa betri. Piga brashi vumbi lote la nje kabla ya kufungua, kwa maana vumbi letu la Ukambani likiingia kwenye valvu ni kama msasa.

Legeza boliti kidogo kidogo, ukianzia pembeni. Kava ikigoma, igonge taratibu kwa kipande cha mti. Usiingize bisibisi kuipenyua, utakwaruza uso wa aluminiamu.

Ikiwa wazi, ni wakati mzuri wa kupima nafasi za tapeti kwa fila geji. Kila injini ina vipimo vyake. Kwa 22R ni milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutolea, injini ikiwa moto. Kwa 4JA1 ya Isuzu ni 0.40 pande zote, injini ikiwa baridi. Asiyejua vipimo vya injini yake asiguse; aulize kwanza.

Ziba matundu ya oili kwa vitambaa safi, na uvihesabu. Kwangua gasketi ya zamani kwa kadi ya plastiki, si kwa msasa. Kisha toa vitambaa vyote, hesabu tena.

Gasketi ya mpira hukaa kavu. Haitaki silikoni pande zote. Silikoni hutumika tu kwenye pembe ambapo vipande viwili hukutana, kwa mfano kando ya vile vizibo vya nusu mwezi mbele na nyuma ya 22R. Kiasi cha punje ya mahindi kwa kila pembe kinatosha, na iwe aina inayostahimili oili. Ile inayofinyika nje ndiyo unayoiona. Nusu nyingine imefinyika ndani, na hiyo ndiyo iliyotuua sisi.

Weka raba mpya chini ya boliti. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza ukianzia katikati kwenda nje, mkono huu na ule, kwa mizunguko miwili au mitatu.

Nguvu kiasi gani? Fuata kitabu cha injini yako. Kava nyingi za boliti ndogo za milimita 6 hutaka kati ya Nm 5 na 10 tu. Ikiwa hamna toki renchi, fikirini hivi: Nm 6 kwa spana ya sentimita 12 ni sawa na kusukuma kama uzito wa kilo 5 mwishoni mwa spana. Kilo 5, si uzito wa mtu mzima. Shika spana fupi kwa vidole vitatu. Anayekaza kwa bega hupindisha kava, hupasua gasketi, na kesho anavujisha kuliko jana.

BAADA YA KUFUNGA

Ikiwa mmetumia silikoni, ngojeni muda ulioandikwa kwenye tyubu. Pimeni oili kwa kijiti. Washeni injini dakika kumi mkitazama ukingo wote, hasa ule ulio juu ya bomba la moshi. Oili ikidondoka kwenye bomba lenye moto inaweza kuwaka, na gari likateketea pamoja na mzigo. Gasketi ya koki hulegea kidogo, kwa hiyo ikazeni tena taratibu baada ya siku chache, injini ikiwa baridi. Ya mpira msiikaze tena bila sababu.

Oili chafu na matambara msivitupe mtoni. Katika mito yetu ya mchanga ndiko akina mama wanakochimba visima vya kunywa.

ONYO KWA WENYE DIZELI

Kama tulivyosema, kava isiyo na bati la kuchuja huweza kupitisha oili kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli inaweza kuwaka kwa oili hiyo hiyo. Ikizidi, itapaa mbio yenyewe, moshi mwingi, na hata ukizima ufunguo haizimiki. Usisimame karibu nayo. Ukiwa ndani ya gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa, uachilie klachi ili izimike. Wakati mwingine injini huzimwa kwa kuziba mdomo wa hewa kwa ubao bapa, lakini kamwe usitumie mkono wala kitambaa.

NENO LA MWISHO

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, kuna mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Sisi hatukuketi kwanza kuhesabu. Tulihesabu bei ya kava, tukasahau bei ya haraka. Wahenga nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa tunaongeza: kabla ya kuziba ufa, tazama kilichoupasua.

Kila kikundi kiwe na daftari la gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, na jina la fundi. Na fundi akiomba siku moja ya kukagua, mpeni siku hiyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Gari letu linavuja wapi, na tumejuaje?
2. Je, nani kati yetu ana ruhusa ya kumwambia fundi aharakishe? Je, tumpe mtu ruhusa hiyo?
3. Pesa za matengenezo tunaziweka kando kila mwezi, au tunachanga gari likishakufa?
4. Oili chafu ya gari letu huishia wapi?

Mungu awabariki, na awafikishe salama pamoja na mizigo yenu.