Bunduki ya Marehemu Mzee: Thamani Yake na Hatari Yake



Swali hili hutufikia mara kwa mara: bunduki ya mitutu miwili iliyoachwa na marehemu mzee ina thamani gani, nayo iuzwe wapi mjini Lilongwe? Wengi wenu mliotoka Kongo mnaijua kwa jina la kalibre 12. Maana ya namba hiyo ni kwamba vitufe 12 vya madini ya risasi, vyenye upana wa mtutu, kwa pamoja huwa na uzito wa ratili moja, yaani gramu 454 hivi.

Asili ya bunduki husomwa katika alama zilizogongwa chini ya mitutu. Herufi ELG ndani ya mviringo ni muhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji. Birmingham, Uingereza, imekuwa na nyumba yake ya majaribio tangu 1813. Nyundo zinazoonekana nje huashiria muundo wa kale. Mfumo wa Anson na Deeley wa 1875 ulizificha ndani.

Bei hufuata jina la fundi, kulingana kwa namba, na hali ya asili. Bunduki ya Purdey wa London ni hazina. Nyingi za Liège zilikuwa bidhaa za kawaida. Anayepiga msasa ili chuma king'ae hufuta alama, na bei huondoka nazo.

Lililo zito ni usalama. Mtutu wenye michirizi kama msuko wa mkeka ni wa damaski, yaani chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja, na mingi ilikusudiwa baruti nyeusi. Tena, vyumba vingi vya risasi vya zamani vina urefu wa milimita 65, ilhali risasi nyingi za leo zahitaji 70. Risasi huingia bila tabu, lakini ikifyatuliwa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, shinikizo hupanda, na mtutu waweza kumpasukia mpigaji mkononi. Kuingia si kufaa.

Hatimaye, urithi si leseni. Sheria ya Silaha za Moto ya Malawi yadai leseni, na mnunuzi halali huuliza karatasi kabla ya bei. Basi usiijaribu, usiipakie katika minibasi kwenda Lilongwe, wala usimkabidhi dalali. Iache ilipo, waondoe watoto, kisha utume habari kituo cha polisi kilicho karibu. Kuifungua na kuisoma ni kazi yetu.