Mada ya 9: Familia na Kijiji cha Wakulima Uingereza, Kabla na Baada ya Uzio

Watahiniwa wengi wakikutana na swali la Mapinduzi ya Kilimo nchini Uingereza huwa na majina tayari: Jethro Tull na mashine yake ya kupanda mbegu, Charles Townshend na tanipu zake, Robert Bakewell na kondoo wake. Majina hayo yana alama zake, yaandike. Lakini swali likigeuzwa kidogo na kuuliza, "Mapinduzi ya Kilimo yaliathiri vipi maisha ya familia vijijini?", kalamu hukauka. Mtahiniwa huishia na sentensi moja: "Watu walinyang'anywa ardhi wakahamia mijini." Sentensi hiyo haitoshi na, kama utakavyoona, ina kasoro. Ili kujibu vizuri ni lazima kwanza ujue kijiji kiliishije kabla uzio haujafika.

Kijiji cha mashamba ya wazi

Hadi karne ya 18, vijiji vingi vya Uingereza ya kati vililima kwa mfumo wa mashamba ya wazi. Ardhi ya kijiji iligawanywa katika mashamba makubwa, mara nyingi matatu, yasiyo na ua ndani yake. Kila shamba lilikatwa katika vipande virefu vyembamba, na familia moja ilikuwa na vipande vilivyotawanyika: kimoja penye udongo mzuri, kingine bondeni penye maji, kingine mbali mlimani. Mwaka huu shamba la kwanza lilipandwa ngano kabla ya baridi kali. La pili likapandwa shayiri, njegere au maharage baridi ilipokwisha. La tatu likapumzishwa. Mwaka uliofuata yalibadilishana zamu.

Shamba lililopumzika halikukaa bure. Mifugo ya kijiji kizima ililishwa humo, na samadi yake ndiyo iliyorudisha rutuba. Kwa hiyo hakuna mkulima aliyeweza kujiamulia peke yake. Ukipanda tanipu wakati jirani zako wamefungulia ng'ombe, zitaliwa. Siku ya kupanda, siku ya kuvuna na idadi ya kondoo ambayo kila nyumba iliruhusiwa kupeleka malishoni vilipangwa na baraza la kijiji, lililokaa chini ya mamlaka ya kabaila mwenye eneo.

Mfano wa kuandika katika mtihani ni kijiji cha Laxton, katika jimbo la Nottinghamshire. Mwaka 1635 mpima ardhi Mark Pierce alichora ramani ya kijiji hicho ikionyesha kipande kimoja kimoja. Laxton ni miongoni mwa sehemu chache sana ambako uzio haukumaliza mfumo huo: mpaka leo ina mashamba matatu ya wazi, na kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia, jopo la wakulima hutembelea shamba lililopandwa ngano, hupigilia vigingi vya mipaka, na aliyelima kupita mpaka wake hutozwa faini na baraza. Ukitaja Laxton umempa msahihishaji mahali halisi badala ya "kijiji fulani".

Nyumba na watu wake

Hapa pana kosa la kawaida. Watahiniwa huandika kwamba Mwingereza wa kijijini aliishi katika familia pana, yaani babu, wajomba na wake za wana katika boma moja. Hiyo ni picha ya kwetu wanayoipeleka ugenini. Utafiti wa Peter Laslett kuhusu orodha za zamani za wakazi umeonyesha kwamba nyumba ya kawaida ya Kiingereza ilikuwa ndogo, wastani wa watu wasiofika watano: mume, mke, watoto na, kwa wenye uwezo, mtumishi. Vijana waliooana walitarajiwa kuanzisha nyumba yao wenyewe, na kwa sababu nyumba haianzishwi mikono mitupu, walichelewa kuoana, kwa kawaida katikati ya miaka ya ishirini.

Walifanya nini kabla ya hapo? Wengi wao walikuwa watumishi wa shamba. Tangu umri wa miaka kumi na kitu, mvulana au msichana alikwenda kwa mkulima mwingine kwa mkataba wa mwaka mmoja, akila na kulala humo humo na kulipwa ujira mwishoni. Mwaka ulipokwisha walikusanyika katika gulio la kuajiriana ili kutafuta bwana mwingine au kukubaliana upya na yule yule. Kwa hiyo kijana alijifunza kazi, akaweka akiba, kisha akaoa. Kumbuka jambo hili, kwa maana baadaye tutaona likivunjika.

Mume alilima, alipura nafaka kwa fimbo na alifanya kibarua. Mke alikamua, alitengeneza siagi na jibini, alifuga kuku na bata bukini na alisokota sufu. Watoto walifukuza ndege mashambani na kuchunga. Ukiandika "wanawake walikuwa nyumbani tu" utakuwa umepoteza jibu zima, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula cha maskini ilipitia mikononi mwa wanawake na watoto.

Haki ndogo ndogo

Sehemu hii ndiyo kiini cha mada. Isome mara mbili.

Nje ya mashamba matatu kulikuwa na ardhi ya pamoja: nyika, vichaka, kingo za mito. Huko familia isiyo na shamba la maana ililisha ng'ombe mmoja au bata bukini kadhaa, ilikata kuni na vichaka vya kuwashia tanuri la mkate, iliokota matunda ya porini, na mahali pengine ilichimba udongo wa kinamasi ambao ukikaushwa huwaka kama mkaa. Baada ya mavuno wanawake na watoto waliingia katika mashamba ya wengine kuokota masazo. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka desturi hii katika kisa cha Ruthu. Familia yenye mikono mingi iliweza kuokota nafaka ya kuipatia mkate kwa wiki nyingi.

Kila kimoja peke yake kinaonekana kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba: maziwa ya ng'ombe, mzigo wa kuni na gunia la masazo vilimwezesha kibarua kumwambia mwajiri, "Leo siji." Ndiyo maana baadhi ya wakulima wakubwa waliichukia ardhi ya pamoja. Walilalamika kwamba inawafanya maskini kuwa wavivu, maana yake hawakupatikana kila walipoitwa.

Udhaifu wa haki hizi ulikuwa mmoja: nyingi zilisimama juu ya desturi. Baba alifanya, babu alifanya, basi. Hazikuwa na karatasi.

Uzio unafika

Kuweka uzio kulianza zamani kwa makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe, ila kuanzia katikati ya karne ya 18 kulifanywa zaidi kwa sheria za Bunge. Tangu 1604 hadi 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hii, zikihusu ekari milioni 6.8 hivi, na nyingi zilipitishwa kati ya 1750 na 1850. Sheria ya jumla ya mwaka 1801 ilirahisisha utaratibu.

Utaratibu ulikwenda hivi. Wenye ardhi kubwa walipeleka ombi bungeni. Kilichohesabiwa ni ukubwa wa ardhi ya waliokubali. Idadi ya watu haikuwa kipimo, kwa hiyo wachache wenye ekari nyingi waliwashinda wengi wenye vipande viwili vitatu. Sheria ilipopita, makamishna na wapima ardhi walifika kijijini. Kila mtu aliambiwa alete madai yake. Mwenye hati alipewa shamba moja lililounganishwa badala ya vipande vyake. Mwenye desturi tupu hakupewa kitu. Na hata pale nyumba ilipokuwa na haki ya malisho, fidia ilikwenda kwa mwenye nyumba. Mpangaji, ambaye ndiye aliyekuwa na ng'ombe, aliambulia patupu.

Kisha zikaja gharama. Kila aliyepewa shamba alitakiwa kulizungushia ua wa miti ya miiba, mfano wa michongoma yetu, kuchimba mitaro na kuchangia malipo ya makamishna na mawakili. Kwa mkulima mdogo gharama hizo ziliweza kuuzidi uwezo wake. Wengi waliuza kwa jirani mkubwa wakabaki vibarua. Zingatia: huyu hakunyang'anywa ardhi kwa nguvu. Alipewa, kisha akashindwa kuishika. Msahihishaji atafurahi ukiitofautisha hali hii na ya yule wa ardhi ya pamoja, ambaye hakupewa kabisa.

Tuwe waadilifu. Uzio ulikuwa na faida. Mwenye shamba aliweza sasa kupanda tanipu na klova, kuacha kupumzisha ardhi, kuchagua mbegu za mifugo na kukausha vinamasi. Idadi ya watu wa Uingereza na Wales ilipanda kutoka karibu milioni 9 mwaka 1801 hadi karibu milioni 18 mwaka 1851, na sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka katika mashamba haya. Hata hivyo Arthur Young, mwandishi wa kilimo aliyekuwa ameupigia uzio debe kwa miaka mingi, mwaka 1801 aliandika kwamba mara nyingi maskini waliumia, akataka wapewe ardhi ya kufugia ng'ombe. Ushahidi wa mtu aliyekuwa upande wa pili una uzito, utumie.

Je, watu walihamia mijini?

Walihamia, ila si asubuhi ya kesho yake. Mwanahistoria J. D. Chambers alionyesha mwaka 1953 kwamba idadi ya watu katika vijiji vingi vilivyowekwa uzio iliendelea kukua, kwa sababu kupanda ua, kuchimba mitaro na kulima tanipu kulihitaji mikono. Idadi ya wafanyakazi wa kilimo ilifika kilele mnamo 1851, mwaka ule ule sensa ilipoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba wakazi wa miji wamewazidi wa vijijini. Kilichobadilika kwanza ni namna ya kuishi pale pale kijijini. Jane Humphries, katika utafiti wake wa 1990, alieleza kwamba kupotea kwa ardhi ya pamoja kuliziondolea familia mapato ya wanawake na watoto, zikabaki kutegemea mshahara wa baba.

Na mshahara ulikuwa mdogo. Mkate ulipopanda bei, mahakimu wa Berkshire walikutana Speenhamland mwaka 1795 wakaamua parokia iwaongezee vibarua fedha kulingana na bei ya mkate na ukubwa wa familia. Nia ilikuwa njema. Lakini mwajiri aliyejua kwamba parokia itajazia hakuwa na haraka ya kuongeza ujira. Wakati huo huo, kusini na mashariki, wakulima waliacha kuwalaza watumishi wa mwaka majumbani mwao wakaajiri kwa siku au wiki. Ile ngazi ya kijana tuliyoitaja ikakatika. Hata masazo yalitikiswa: mwaka 1788 mahakama iliamua kwamba hakuna haki ya kisheria ya kuyaokota, ingawa vijiji vingi viliendelea nayo.

Mwaka 1830, kuanzia Kent, vibarua walivunja mashine za kupura zilizowanyima kazi ya majira ya baridi. Watu 19 walinyongwa na zaidi ya 480 wakasafirishwa kwenda Australia. Mwaka 1834 sheria mpya ya maskini ilikusudia kuondoa msaada wa nyumbani kwa wenye nguvu za kufanya kazi. Aliyeshindwa aliingia nyumba ya kazi ya maskini, ambako mume, mke na watoto walitenganishwa. Mwaka huo huo, katika kijiji cha Tolpuddle, Dorset, ujira ulikuwa umeshuka kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 7, na kukawa na tishio la 6. Vibarua sita wakiongozwa na George Loveless waliunda chama, wakahukumiwa miaka 7 ya kupelekwa Australia kwa kosa la kula kiapo cha siri. Walisamehewa mwaka 1836 baada ya malalamiko makubwa. Watano baadaye walihamia Kanada na familia zao. Wa sita, James Hammett, alibaki kijijini na alifia katika nyumba ya kazi ya maskini mwaka 1891.

Mfano wa jibu

Swali: Eleza jinsi uzio ulivyoathiri uchumi wa familia maskini.

Jibu dhaifu: "Walikosa ardhi, walikosa chakula, walihamia mijini, walipata shida."

Jibu zuri huanza hivi: "Kabla ya uzio familia ya kibarua ilitumia ardhi ya pamoja kulisha ng'ombe na kupata kuni, kazi iliyofanywa hasa na wanawake na watoto. Kwa kuwa haki hiyo ilitokana na desturi, makamishna hawakuilipia fidia. Familia ikalazimika kununua maziwa na kuni kwa mshahara wa baba ambao haukuongezeka." Ona kwamba kila sentensi inazaa inayofuata. Endelea nalo mwenyewe kwa hoja tatu zaidi.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa nini mkulima wa mashamba ya wazi hakuweza kubadili mazao peke yake?

2. Tofautisha hasara ya mkulima mdogo mwenye hati na ya mpangaji asiye na hati.

3. "Uzio uliwafukuza watu vijijini." Jadili, ukitumia takwimu za 1851.

4. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 nchini Kenya ulikusanya vipande vya ardhi vilivyotawanyika na kutoa hati. Linganisha na uzio wa Uingereza: nani alipata hati, na nani alikuwa akiitumia ardhi hiyo bila hati?