Jozi tatu za chaki sakafuni

Fildi ya mwaka jana nilipangiwa Sumbawanga, nyumbani kabisa, na mada niliyokabidhiwa Kidato cha Tatu ilikuwa uchumi wa kikoloni. Wenzangu wa Ualimu mnajua inavyokuwa: unaandika ubaoni "reli zilijengwa kutoka bara hadi pwani", wanafunzi wananakili, kengele inalia. Shida ni kwamba wengi darasani kwangu hawakuwahi kuona treni. Huku Ufipa ukiitaka uende Mpanda, au ushuke Tunduma ukaione TAZARA.

Nikaamua kuacha reli kubwa na kufundisha moja ndogo iliyokwisha kupotea: reli ya Sigi, Usambara Mashariki. Nilisogeza madawati, nikachora sakafuni jozi tatu za mistari. Ya kwanza sentimita 143.5, ndiyo SGR. Ya pili mita moja, kama reli ya kati na ile ya Tanga. Ya tatu sentimita 75 tu. Kijana mmoja mrefu akasimama mguu huku mguu kule, darasa likacheka.

Kwa nini nyembamba hivyo? Milimani njia nyembamba inapinda kona kali, kwa hiyo unachimba mlima kidogo na gharama inashuka. Wajerumani waliijenga kati ya 1904 na 1910, kama kilomita 23, kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani, ambako walikuwa wamefungua taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902. Kazi yake kubwa ilikuwa kushusha magogo. Ila wembamba ule una adhabu: Tengeni mabehewa ya Sigi hayakuweza kuingia kwenye reli ya mita moja, hivyo mzigo ulishushwa na kupakiwa upya ndipo uende bandarini Tanga.

Leo reli hiyo haipo. Jengo la stesheni ya Sigi lipo, Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani inapokea wageni pale. Linganisha na tawi la Kaliua hadi Mpanda, zaidi ya kilomita 200, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, treni ikabaki, maana watu na mahindi walishaizoea. (Hapa nilijisikia mwalimu kweli.)

Ndipo msichana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo sisi hatukuletewa reli kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuchukuliwa?"

Andalio langu la somo halikuwa na jibu hilo. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa kwenye ile fomu ya tathmini. Halafu nikakumbuka manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU, na Ufipa ilikuwa mojawapo ya sehemu walikotoa watu. Kilichochukuliwa huku kilikuwa na miguu, nikawaambia, kwa hiyo hakikuhitaji reli hadi mlangoni. Nikawapa kazi ya nyumbani: waulizeni wazee nani alikwenda Tanga.

Jumatatu yule msichana alikuja na karatasi ya daftari. Kwao kuna babu wa babu anayetajwa mpaka leo kwa jina la Tanga. Alikuwa hajawahi kuuliza kwa nini.